Nilikuwa mkalimani kwenye utafiti wa picha za ubongo Bariadi, siku moja nikaficha maneno ya mama yangu

Wakuu, habari za mchana. Kwa wenzangu wa Kanda ya Ziwa, mwangaluka.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Nasoma nyuzi za watu, nacheka peke yangu dukani, naendelea na kazi. Leo nimeona na mimi nilete ya kwangu. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea, na pale nilipofanya ujinga sijajipamba.

Ni ndefu kidogo. Mwenye haraka auhifadhi uzi arudi jioni.

Mimi ni mzaliwa wa Sapiwi, ila nakaa Bariadi mjini, Somanda, nina duka dogo la stationery. Zamani nilifundisha shule ya binafsi nikaacha. Kisukuma nimekinyonya kwa mama, Kiswahili cha darasani ninacho, Kiingereza changu ni kile cha kuombea maji na kidogo zaidi. Lugha hizo tatu ndizo zilizonipa kibarua ninachotaka kuwasimulia.

Walikuja watafiti wa ubongo. Upande mmoja madaktari wetu Watanzania, upande mwingine wenzao wa chuo kikuu kimoja cha nje, wanafanya research moja kwa kushirikiana.

Walikuwa wanatafuta watu wazima ambao kifafa chao kilianza utotoni, na kila mmoja aje na ndugu yake wa tumbo moja asiye na kifafa. Wote wawili wanapigwa picha ya ubongo kwa MRI, halafu picha zinalinganishwa.

Ukifikiria ina maana. Baba mmoja, mama mmoja, ugali ule ule, maji ya kisima kile kile, halafu mmoja anaanguka na mwingine haanguki. Wao walitaka kuona tofauti inakaa wapi kichwani.

Wakalimani tulikuwa wawili, mimi na dada mmoja anaitwa Kulwa.

Kiongozi wa upande wetu alikuwa Dkt. Neema, mama wa makamo, mpole wa sauti lakini hapendi ubabaishaji. Siku ya kwanza alitukalisha akatuambia kwamba mtu akisema maneno kumi, yeye anataka kumi. Tusimpunguzie kwa sababu tunaona aibu, na tusimwongezee kwa sababu tunajua. Nikaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Kumbukeni hapo.

Kazi yenyewe haikuwa rahisi. Huku kwetu kifafa wengi wanakihusisha na masamva, yaani mizimu ya ukoo, au wanasema umetupiwa na mtu. Sasa wewe unakuja kuelezea sumaku kubwa inayopiga picha ndani ya fuvu bila kupasua. Mzee mmoja alitaka kujua kama mashine inasoma mawazo, maana yeye ana mawazo yake kuhusu mwenyekiti wa kitongoji.

Uvumi mkubwa ulikuwa kwamba wazungu wanachukua sura za watu wanaondoka nazo. Nilipomfikishia Dkt. Neema nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisema ni swali la maana, kwa sababu picha ya MRI ukiichezea kwenye kompyuta inaweza kuonyesha kweli pua na midomo ya mtu. Ndiyo maana kabla picha haijatumwa nje, hapa hapa nchini wanafuta sehemu yote ya uso, linabaki fuvu na ubongo na namba.

Niliwaeleza watu hivyo hivyo, na ajabu ni kwamba jibu hilo liliwatuliza kuliko kama tungesema "msiogope".

Sasa nije kwangu.

Nina mdogo wangu anaitwa Masunga, tumepishana miaka mitatu. Masunga ana kifafa tangu ana miaka sita. Mkono wake wa kushoto vidole viwili vimeshikana, aliangukia jikoni motoni akiwa kijana. Hajaoa. Dawa za zahanati alikuwa anakunywa zikiwepo, zikikatika anakaa, na zikikatika ndipo anaanguka vibaya.

Na mimi wakuu nilikuwa najua kifafa chake kimetoka wapi. Au nilidhani najua.

Nikiwa na miaka tisa, msimu wa pamba, baba alinipa kuongoza mkokoteni wa maksai kupeleka pamba kwenye mizani. Masunga alikaa juu ya magunia. Njiani tukawakuta watoto wa jirani na mkokoteni wao, nikataka kuwapita. Nikawachapa maksai wakaanza kukimbia, gurudumu likapanda kisiki, Masunga akarushwa akapiga kichwa chini.

Alikaa kimya muda ambao mpaka leo siwezi kuupima. Halafu akalia, nikashukuru Mungu.

Nyumbani nikasema alisinzia akadondoka. Habari ya kuwachapa maksai sikumwambia mtu. Miezi michache baadaye Masunga akaanguka mara ya kwanza, anatetemeka, macho yamegeuka. Tangu siku hiyo kila akianguka mimi nasikia lile gurudumu.

Nimekaa nalo zaidi ya miaka thelathini. Nilipata nafasi ya kazi Dar nikaikataa, nikasema sipendi joto la kule. Uongo. Nilikuwa naona sina haki ya kwenda mbali.

Basi, utafiti ulipotangazwa nikamwandikisha Masunga, na mimi ndiye ndugu yake mzima. Dkt. Neema alisema mkalimani kuwa mshiriki hakuna shida, ila mahojiano ya familia yetu lazima atafsiri Kulwa. Sheria ni sheria.

Siku ya mahojiano ikafika. Mama ametoka Sapiwi asubuhi na bodaboda, kavaa kitenge chake cha kanisani. Kulwa yuko Ipililo huko Maswa kwa familia nyingine, gari limeharibika, harudi leo. Tukamwambia mama aje siku nyingine, akasema goti lake halipandi tena pikipiki wiki hii, wamwulize au wamwache.

Dkt. Neema akafikiria, akaniuliza kama naweza kutafsiri kama mtu baki. Nikasema naweza.

Chumbani tulikuwa wanne. Mama, Dkt. Neema, mtafiti mmoja mwanamke wa kutoka nje anayeelewa Kiswahili, ndiye anayeandika, na mimi. Masunga alikuwa nje kwenye benchi.

Maswali yakaenda vizuri. Uzazi ulikuwaje, alitembea lini, kuna mwingine kwenye ukoo mwenye kifafa. Mama anajibu kwa Kisukuma, mimi naleta Kiswahili.

Halafu Dkt. Neema akauliza kama Masunga aliwahi kuumia kichwa utotoni.

Mama akajibu kwamba ndiyo, alirushwa na mkokoteni, akapiga kichwa, alikuwa na kaka yake.

Wakuu, nilifungua mdomo, na nikajisikia nasema, "Anasema hapana, hakuwahi kuumia."

Sikupanga. Lilitoka lenyewe, kwa sauti ya kawaida kabisa. Yule mtafiti akaandika.

Nilichosahau ni kwamba mama Kiswahili hakiongei, lakini anakisikia. Miaka yote hiyo anasikiliza redio na mahubiri. Akanigeukia, hakupandisha sauti, akaniambia kwa Kisukuma:

"Mwanangu, mkokoteni mbona umeubakiza?"

Dkt. Neema Kisukuma hajui, lakini uso wa mtu hauhitaji mkalimani. Akaweka kalamu chini, akaniuliza mama amesema nini.

Nikamwambia. Nikasema mama amesema aliumia, alidondoka kwenye mkokoteni, na aliyekuwa anaongoza mkokoteni ni mimi. Nikasema nimedanganya. Nikategemea anifukuze kazi pale pale.

Dkt. Neema akamwomba mwenzake afute lile jibu aandike upya, kisha akaniambia, "Kosa hili tutalizungumza baadaye. Sasa hivi mama yako hajamaliza, naona bado ana neno."

Kweli mama alikuwa bado ana neno. Alikuwa anachezea pindo la kitenge. Akaniambia niwaambie na ile ya kabla.

Nikamwuliza ipi ya kabla. Akasema wewe huijui, ulikuwa kwa bibi yako Ipililo.

Akaeleza, na mimi natafsiri huku nasikia kwa mara ya kwanza. Masunga akiwa hajaanza kutembea alipata homa kali, ikaja degedege. Si ile ya kupita. Ilimshika kutoka wakati wa kufungulia ng'ombe mpaka jua limesimama kichwani, akatulia, ikamrudia tena. Baba hakuwepo. Majirani wakasema hiyo si ya hospitali, usimchome sindano atakufa. Mama akampeleka kwa mganga, wakakaa huko siku mbili. Siku ya tatu ndipo akambeba mgongoni kwenda hospitali kwa miguu.

Akapona. Mama akaamini yameisha, hakulisema tena kwa mtu. Miaka mitano baadaye mtoto akaanza kuanguka, na yeye akajua moyoni ni kwa sababu ya zile siku mbili.

Fikirieni, nyumba moja. Mimi nimebeba mkokoteni, mama amebeba siku mbili za mganga, na tumekula sufuria moja miaka yote bila mmoja kumwambia mwenzake.

Jioni ile Dkt. Neema alinisema. Aliniambia kwamba ningefaulu kuficha, picha ya mdogo wangu ingesomwa dhidi ya historia ya uongo, na si yeye tu, hata wagonjwa wengine wangeumia kwa sababu data zinachanganywa pamoja. Kulwa akarudia mahojiano yote na mama kwa simu. Mimi nikaondolewa kwenye mahojiano kwa wiki mbili, nikawa wa kubeba mafaili. Niliona ni halali yangu.

Safari ya picha sasa, tucheke kidogo.

Tulikwenda Mwanza kwa gari la mradi. Masunga hakuwahi kuvuka Bariadi maisha yake yote, kwa kuogopa kuanguka njiani mbele za watu. Lamadi tukasimama kunywa supu ya sato. Akaliangalia ziwa muda mrefu, akauliza ng'ambo ni wapi. Dereva akamwambia ng'ambo kuna nchi za watu. Akasema kwa hiyo maji yote haya hayana mwenyewe? Tukacheka, akacheka na yeye.

Hospitali, kabla ya kuingia kwenye mashine unavua kila chenye chuma. Masunga alikuwa na bangili ya chuma aliyofungwa na mganga tangu akiwa kijana, haijawahi kutoka. Akagoma. Akasema ikitoka ataanguka humo ndani.

Fundi wa mashine, kijana mmoja wa Kihaya mwenye heshima sana, hakubishana naye. Alimwelezea kwamba sumaku itaivuta, inaweza kumuumiza. Akamwuliza nani amshikie ili awe na amani. Masunga akanipa mimi. Wakapaka sabuni, ikatoka taratibu, chini yake ngozi ni nyeupe kama ya mtoto. Nikaishika kwa mikono miwili muda wote.

Makelele ya MRI kwa wasioijua: wanaokaa karibu na jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba, wanaelewa. Gonga, kwaruza, lia, nyamaza, gonga tena. Masunga akalala usingizi humo ndani mpaka wakamwamsha.

Zamu yangu, mimi mzima, mimi msomi, dakika chache tu nikabonyeza kile kipira cha dharura wanachokushikisha mkononi uwaite ukizidiwa. Wakanitoa, nikanywa maji, nikarudishwa. Masunga alinicheka kutoka Mwanza mpaka Magu.

Baada ya hapo tukasubiri.

Utaratibu wao ulinifurahisha. Picha zinasomwa na madaktari watatu tofauti, mmoja Mwanza, mmoja Dar, mmoja huko nje. Kila mmoja peke yake. Hawajui jina, hawajui historia, hawajui nani anaanguka na nani haanguki. Wakishaandika walichoona ndipo majibu yanakutanishwa na habari za familia. Kwa wale watakaosema humu kwamba wazungu ndio wenye utafiti na sisi ni wa kubeba mizigo, mimi nilichoona ni hicho nilichoeleza. Siwezi kusemea miradi mingine.

Kwenye fomu ya ridhaa kulikuwa na swali kama unataka kuambiwa kikionekana kitu. Wote tulikubali kuambiwa.

Wiki kadhaa zikapita, Dkt. Neema akaja mwenyewe mpaka Sapiwi nyumbani, pamoja na Kulwa. Akataka tuwepo wote watatu, mama, Masunga na mimi. Mimi safari hii nikakaa upande wa familia, Kulwa akatafsiri.

Akafungua laptop akatuonyesha picha mbili, ya kwangu na ya Masunga. Kwangu hakuna kitu. Kwa Masunga, upande mmoja, ndani sana usawa wa sikio, kuna sehemu ndogo iliyosinyaa, kovu. Akasema wasomaji wote watatu wameandika sehemu hiyo hiyo.

Akaeleza kwamba kovu la mahali pale na la namna ile mara nyingi huonekana kwa watu waliopata degedege ndefu wakiwa wachanga. Alama za pigo la kichwa, zile ambazo wangetegemea kuziona kama mkokoteni ndio ulioharibu, hawakuziona. Akasisitiza kwamba picha haiwezi kuapa mahakamani, lakini yeye kama daktari angeulizwa, angesema degedege.

Niwe mkweli, kitu cha kwanza nilichosikia ni wepesi. Kama umetua gunia la pamba begani.

Halafu nikamwangalia mama.

Mama alikuwa anaitazama ile picha. Akasema kwa Kisukuma, "Basi ni mimi." Kulwa alichelewa kutafsiri, nikaona na yeye limemshika.

Dkt. Neema akasogeza kigoda karibu na mama, akamwambia Kulwa amtafsirie neno kwa neno: "Mama, hii picha inaonyesha kovu. Haionyeshi mwenye kosa. Mtoto wako alikuwa anakufa, wewe ukambeba mgongoni ukamfikisha."

Masunga ndiye aliyejibu. Akamwambia mama kwamba kama angebaki kwa mganga siku ya tatu, leo hapa pasingekuwa na mtu wa kupigwa picha. Akalisema kama habari ya kawaida tu, kama mtu anayehesabu ng'ombe. Mama akajifunika kitenge usoni, akalia, na baada ya kulia akaamka kwenda kuwapikia wageni.

Baadaye wageni walipoondoka nilibaki na Masunga zizini. Nikaona kama sisemi leo sisemi tena. Nikamwambia kwamba sikuwa mkweli hata siku ile ya mkokoteni, hakusinzia, niliwachapa maksai nikitaka kuwapita watoto wa jirani. Nikamwambia na habari ya kazi ya Dar.

Alisikiliza mpaka mwisho huku anamkuna ng'ombe shingoni. Akaniuliza, "Kwa hiyo miaka yote hii kukaa kwako hapa ulikuwa unalipia mkokoteni?"

Nikasema ndiyo.

"Mimi nilidhani unanipenda tu."

Nikamwambia vyote viwili vilikuwepo. Akasema basi, mkokoteni umeshaisha, kama nataka kwenda Dar niende, yeye haoni kosa. Akaendelea na ng'ombe wake.

Hali ya sasa ni hii. Utafiti si matibabu, hilo walitueleza tangu mwanzo na mimi ndiye niliyekuwa nawaeleza wengine. Lakini kutokana na ile picha, Dkt. Neema alimwandikia Masunga barua ya rufaa kliniki, akabadilishiwa dawa, akapewa mpangilio wa kuzipata bila kukatika. Mwanzoni alianguka mara mbili. Tangu mavuno yaliyopita hajaanguka. Bangili aliomba arudishiwe, akaivaa, na vidonge anakunywa. Hakuna aliyemkataza.

Mwezi uliopita alikwenda Lamadi peke yake kununua dagaa. Alinipigia simu kutoka kule, hana shida yoyote, anataka tu nijue kwamba yuko Lamadi.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukimpeleka mgonjwa wako kwa daktari, mpeleke na historia yake yote, hata ile inayokuchoma wewe. Ile picha ya mamilioni isingetuambia kitu bila maneno ya mama wa Sapiwi asiyejua kusoma. Na kama kuna jambo umelibeba kwa ajili ya ndugu yako, mwambie angali anasikia. Labda yeye hana habari nalo.

Dar sijaenda. Duka bado liko Somanda, na Jumamosi nakwenda Sapiwi, tunakaa zizini.

Wenye wagonjwa wa kifafa nyumbani, au mliowahi kupitia hizi MRI, leteni ya kwenu hapa chini tujifunze. Na kama kuna mtu mwingine aliyebonyeza kile kipira, ajitokeze, nisibaki peke yangu.